Bamba la Mifuo katika Historia ya Leza

Historia ya leza husimuliwa kwa kawaida kuanzia Mei 1960, Theodore Maiman alipoiwasha leza ya yakuti nyekundu huko California. Masimulizi hayo huliweka pembeni bamba la mifuo, yaani kioo au metali iliyochanjwa mamia ya mistari sambamba katika kila milimita. Kifaa hicho ni kikongwe kuliko leza. Mnamo 1785, huko Philadelphia, Francis Hopkinson alimweleza mwanafalaki David Rittenhouse mistari aliyoiona alipoitazama taa ya mtaani kupitia leso ya hariri. Rittenhouse akatandaza nywele baina ya skrubu mbili nyembamba, akaona nuru ikigawanyika rangi. Baadaye Fraunhofer na Rowland waliliboresha bamba hilo, likawa chombo cha wachunguzi wa jua na nyota.

Leza ilililazimu bamba kufanya kazi nyingine. Kadiri mpigo mfupi wa nuru ulivyokuzwa, ndivyo ulivyokaribia kukiharibu kioo kilekile kilichoukuza. Mwaka 1969 Edmond Treacy alionyesha kwamba mabamba mawili yaliyoelekezana huweza kuufupisha mpigo: rangi nyekundu hupitishwa njia ndefu zaidi, na ya buluu, iliyokuwa nyuma, huifikia. Ugunduzi huo haukutatua tatizo la kioo. Mpigo uliofupishwa kabla ya kukuzwa ungezidisha hatari.

Jawabu lilikuwa katika mpangilio wa hatua. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Donna Strickland, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu, na Gérard Mourou waliurefusha mpigo kwanza ndani ya uzi wa kioo wenye urefu wa kilomita 1.4, wakaukuza ukiwa umetulia, kisha wakaufupisha kwa mabamba mawili. Wataalamu wa rada walikwisha kutumia wazo la namna hiyo; ubunifu wa wawili hao ulikuwa kulihamishia kwenye nuru. Tuzo ya Nobel iliwafikia 2018, miaka 33 baadaye.

Hata hivyo, hatari haikutoweka, bali ilihama. Leza ya maabara ya Livermore ilipovuka petawati moja mwaka 1996, mabamba yake yaliyopakwa dhahabu yalikuwa na upana wa karibu mita moja, ili nuru isambae isije ikaiunguza dhahabu. Tangu hapo, aliyetaka leza yenye nguvu zaidi alilazimika kwanza kumtafuta fundi wa kuchanja mifuo.