Kutwaa na Kushikilia Mamlaka: Wabolsheviki na Mabaraza ya Urusi, 1917–1921

Masimulizi mengi ya Mapinduzi ya Urusi huchanganya mambo mawili yanayostahili kutenganishwa: namna Wabolsheviki walivyotwaa mamlaka mwaka 1917, na namna walivyoyashikilia baadaye. Makala haya yanajenga hoja kwamba nyenzo zilizofanikisha jambo la kwanza sizo zilizofanikisha la pili. Wabolsheviki waliingia madarakani kwa jina la mabaraza ya wafanyakazi na askari, yaani sovieti. Wakabaki madarakani kwa kuyanyima mabaraza hayo hayo uwezo wa kuwaondoa.

Baada ya Tsari Nicholas II kujiuzulu mwezi Machi 1917, Urusi ilikuwa na vituo viwili vya mamlaka. Serikali ya Mpito ilishika wizara, ilhali Baraza la Petrograd lilishika utii wa askari. Amri Namba 1 ya Baraza hilo iliwaelekeza askari watii maagizo ya Tume ya Kijeshi ya Duma pale tu yasipopingana na maamuzi ya Baraza. Serikali, kwa hiyo, ilitawala bila kuwa na hakika ya bunduki. Aidha, iliendeleza vita dhidi ya Ujerumani na kuliahirisha suala la ardhi hadi Bunge la Katiba litakapochaguliwa. Wamensheviki na Wasoshalisti Wanamapinduzi walipojiunga na serikali hiyo mwezi Mei, walijitwika lawama zake. Wabolsheviki, waliobaki nje, walivuna hasira ya umma. Jaribio la Jenerali Kornilov la kuituma askari wake Petrograd mwezi Agosti liliwapa wafanyakazi sababu ya kujihami kwa silaha, na kufikia Septemba Wabolsheviki walikuwa na wingi katika mabaraza ya Petrograd na Moscow.

Chombo kilichoongoza utwaaji wa mamlaka tarehe 25 Oktoba, kwa kalenda ya zamani, kilikuwa Kamati ya Kijeshi ya Mapinduzi. Ni muhimu kuzingatia kwamba kamati hiyo kisheria ilikuwa ya Baraza la Petrograd, si ya chama. Madaraja, stesheni na ofisi ya simu zilitekwa kabla ya Kongamano la Pili la Mabaraza kufunguliwa, ili ushindi ukabidhiwe mikononi mwa wajumbe wake. Wamensheviki na sehemu ya Wasoshalisti Wanamapinduzi walitoka ukumbini kwa kupinga, na hivyo wakawaachia wapinzani wao uwanja. Kongamano likapitisha Azimio la Amani na Azimio la Ardhi. Hili la pili liliidhinisha jambo ambalo wakulima walikuwa wamekwisha kulianza wenyewe.

Kushikilia mamlaka kulihitaji mbinu nyingine. Katika uchaguzi wa Bunge la Katiba wa Novemba 1917, Wabolsheviki walipata takriban robo tu ya kura. Hata hivyo, waliongoza Petrograd, Moscow na miongoni mwa askari waliokuwa karibu na miji hiyo. Walikuwa wachache nchini, lakini wengi pale ambapo hatima ya serikali iliamuliwa. Bunge lilikutana mara moja, Januari 1918, likavunjwa.

Wapo wanaoeleza kwamba udikteta ulilazimishwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maelezo hayo yana ukweli, lakini mfuatano wa matukio unayapunguza uzito. Agizo la kufunga magazeti pinzani lilitolewa siku chache baada ya Oktoba. Cheka, polisi ya siri, iliundwa Desemba 1917. Na katika majira ya kuchipua ya 1918 mabaraza kadhaa ya mikoani yaliyochagua wapinzani yalivunjwa. Vita viliikomaza mbegu iliyokwisha kupandwa.

Katika vita hivyo, Wabolsheviki walidhibiti kitovu cha nchi pamoja na njia kuu za reli, ilhali majeshi ya Weupe yalitawanyika pembezoni. Trotsky alijenga Jeshi Jekundu kwa kutumia maofisa wa zamani wa Tsari, chini ya uangalizi wa makamisaa. Wakulima walichukia kunyang'anywa nafaka, lakini wengi walihofia zaidi kurudi kwa makabaila.

Hofu hiyo ilipokwisha, deni likadaiwa. Mwezi Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, ngome iliyokuwa nguzo ya mapinduzi mwaka 1917, walidai mabaraza yachaguliwe upya kwa kura ya siri. Walizimwa kwa silaha. Mwezi huo huo Kongamano la Kumi la chama lilibadilisha utwaaji wa nafaka kuwa kodi, na likapiga marufuku makundi ndani ya chama. Wakulima walilegezewa katika uchumi. Katika siasa hakuna aliyelegezewa. Kwa msingi huo, makala haya yanahitimisha kwamba Kronstadt haikudai jambo jipya: ilidai ahadi ya Oktoba, na jibu lililotolewa ndilo linaloonesha umbali uliopo kati ya kutwaa mamlaka na kuyashikilia.