Mionzi Ndani ya Mshipa wa Moyo

Kutia mionzi ndani ya mwili wa mgonjwa si jambo la jana, na kwa kiasi fulani linatuhusu sisi wa ukanda huu. Mwaka 1901 Pierre Curie alimwazima daktari Danlos wa hospitali ya Saint-Louis, Paris, radiamu kidogo aijaribu kwa wagonjwa wa ngozi. Akampa na wazo: kwa nini isitiwe kwenye kijibomba na kuchomekwa ndani ya uvimbe wenyewe? Tatizo lilikuwa bei, kwani radiamu haikushikika. Kisha Wabelgiji wakafungua mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga karibu na Likasi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 kiwanda cha huko kikawa kinatoa radiamu ya kutosha kuishusha bei na kulishika karibu soko lote la dunia kwa takriban miaka kumi. Ndio hao hao Wabelgiji waliotutawala Warundi mpaka 1962. Shinkolobwe hutajwa kwa ajili ya urani ya bomu la Hiroshima. Mimi nilipokuwa nafundisha fizikia niliwataka wanafunzi waikumbuke pia kwa sindano za radiamu walizochomekwa wagonjwa wa saratani wa Ulaya.

Nayaeleza haya kwa sababu ya shemeji yangu, dereva wa gari la abiria linalopanda Ijenda kutoka hapa Musaga, Bujumbura. Alikwenda Dar es Salaam, akazibuliwa mshipa wa moyo kwa upasuaji wa tundu dogo na kuwekewa stenti, ule wavu mdogo wa chuma unaoushikilia mshipa usijifunge. Kabla mwaka haujaisha kifua kikaanza kumbana tena kila akipandisha gunia la viazi kwenye keria. Wakamwambia stenti imesinyaa kwa ndani. Aliporudi akaja kwangu moja kwa moja.

"Mwalimu, saratani si wanaichoma kwa mionzi? Hii nyama iliyoota ndani ya stenti mbona hawaichomi?"

Nikamwambia: walikwisha ichoma, shemeji, na ilichomeka.

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, daktari Andreas Grüntzig alipitisha kijiputo ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa, akakijaza, mshipa ukafunguka bila kifua kupasuliwa. Ulikuwa ushindi mkubwa, ila ulikuja na deni. Ukiutanua mshipa unaujeruhi, na kidonda hutaka kupona. Chembe za misuli zilizo kwenye ukuta wake huanza kugawanyika na kujaa ndani, mfano wa kovu linaloota kupita kiasi. Kati ya wagonjwa kumi, watatu au wanne mshipa uliwasinyaa tena katika miezi michache. Stenti, iliyoingia kwa binadamu mwaka 1986 kwa mikono ya Jacques Puel kule Toulouse na Ulrich Sigwart kule Lausanne, ilipunguza idadi hiyo, lakini haikulimaliza tatizo. Tena ilizaa lake: mshipa uliosinyaa ndani ya stenti ni mgumu kutibu kuliko ule wa mwanzo. Ukiutanua kwa puto, nyama inarudi vilevile.

Hapo ndipo mtu akakumbuka mionzi. Hoja yenyewe haina makuu: mionzi huharibu uwezo wa chembe kugawanyika, na ugonjwa huu wote ni chembe zinazogawanyika. Katikati ya miaka ya 1990, José Condado wa Caracas, Venezuela, aliweka iridiamu ndani ya mishipa ya moyo ya wagonjwa 21. Napenda kwamba hatua hiyo ilichukuliwa Caracas, si Boston. Mwaka 1997 Paul Teirstein na wenzake wa Scripps, California, wakatoa matokeo ya wagonjwa 55: kati ya waliopata iridiamu, waliosinyaa mshipa tena walikuwa asilimia 17; kati ya wasiopata, asilimia 54. Daktari wa moyo akiziona namba kama hizo hazungumzi tena juu ya bahati.

Kazi ilifanyikaje? Puto lilifungua mshipa kwanza. Kisha ukapitishwa mrija mwembamba mpaka pale paliposinyaa, na ndani yake zikasukumwa punje za mionzi zilizopangwa foleni. Za iridiamu hutoa gama, mionzi inayopenya mbali, kwa hiyo wahudumu walitoka chumbani na mgonjwa akabaki peke yake kwa dakika kama ishirini, moyo unapiga na mionzi imo ndani. Mtambo wa strontiamu ulikuwa na adabu zaidi. Ulishikwa mkononi, maji safi yakazisukuma punje hadi kwenye stenti, zikakaa dakika chache, maji yakazirudisha. Mionzi yake ya beta huishia milimita chache tu, hata ngao ya plastiki inatosha, na daktari alisimama pale pale karibu na mgonjwa. Lakini ilibidi wawepo watu watatu: daktari wa moyo, daktari wa mionzi, na mwanafizikia wa kukokotoa dozi. (Hapo shemeji alicheka, akasema hatimaye fizikia imepata kazi.)

Tarehe 3 Novemba 2000 Marekani iliidhinisha mitambo miwili kwa mpigo, wa gama na wa beta. Sisi Agosti ya mwaka huo tulikuwa ndiyo kwanza tumetia saini mapatano ya amani ya Arusha, na vita havijakoma. Nani angeagiza Bujumbura iridiamu inayopungua nusu kila siku 74?

Umri wa tiba hiyo ukawa mfupi, maana dawa ilikuja kuchukua nafasi yake. Mwaka 1964 wanasayansi kutoka Kanada walichota udongo kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Pasifiki, na kutokana na vijidudu vya udongo huo ikapatikana dawa ya rapamisini, inayozuia chembe kugawanyika. Baadaye ikapakwa kwenye stenti. Mwaka 2002 jaribio la wagonjwa 238 lilionyesha kuwa katika kundi la stenti yenye dawa hakuna hata mmoja aliyesinyaa mshipa tena. Marekani iliiruhusu Aprili 2003. Julai mwaka huo sisi wa Musaga tulikuwa tunakimbia risasi. Kufikia 2006 majaribio mawili yalikwisha onyesha kwamba hata kwa stenti ya kawaida iliyosinyaa, kuweka ya dawa ndani yake kunaishinda mionzi. Mitambo ikakosa wateja.

Kwa hiyo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, mionzi ya moyo ilikuwa imeshakuwa historia. Taasisi ya saratani ya Ocean Road, mji huo huo, wana mionzi yao, ya saratani. Na mionzi yenyewe kwetu ni mali adimu: mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda, ya kobalti pale hospitali ya Mulago, ilipokufa, nchi nzima ilibaki bila tiba hiyo. Simlaumu mtu kwamba mionzi ya moyo haikutufikia, ingekuwa anasa. Huko Marekani hospitali chache ziliendelea kuitumia kwa mgonjwa mwenye stenti mbili tatu zilizopandana ambazo zote zimesinyaa. Shemeji aliwekewa stenti ya pili, yenye dawa, na anaendelea kuendesha.

Jambo moja lililoachwa na mionzi linamhusu kila mwenye stenti. Mshipa uliopigwa mionzi ulichelewa kupona, chuma kikabaki wazi, na baadhi ya wagonjwa walioacha mapema vidonge vya kuzuia damu kuganda walizibwa ghafla na donge la damu miezi kadhaa baadaye. Stenti za dawa nazo huchelewesha kupona. Vidonge hivyo visiachwe kwa sababu umejisikia nafuu, wala kwa sababu famasi ya mtaani imeishiwa: muulize daktari aliyekuwekea stenti kabla hujaruka hata siku moja.