Stima ama haidrojeni? Historia fupi ya mbolea inayotoka kwa maji

Uzi. Kila mdahalo wa kawi siku hizi unafika mahali mmoja anasema "haidrojeni ya kijani" na mwenzake anamjibu, "Watu hawana stima, unaongea haidrojeni gani?" Ukumbi unapiga makofi, mwendeshaji anaenda swali lingine. Tumebaki hapo tu.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, si injinia. Lakini mamangu analima mahindi ekari mbili huko Trans Nzoia, na mwaka 2022 mfuko wa DAP wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Alipanda nusu ya shamba, ile nusu ingine ikalala. Kwa hivyo mada hii kwangu si ya makofi.

Kwanza tuelewane. Haidrojeni nyingi duniani leo inatolewa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na njia hiyo inamwaga kaboni nyingi sana hewani. Ile inaitwa ya kijani inatoka kwa maji. Unapitisha stima safi kwa maji, yanapasuka, unabaki na haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande mwingine. Sasa mtu akiuliza "stima ama haidrojeni" ni kama ameuliza "unga ama ugali".

Na njiani kuna hasara. Kilo moja ya haidrojeni inakula uniti 50 hivi za stima, uniti zile zile unanunua kwa tokeni. Ukitaka kuirudisha kuwa stima tena, unapata chini ya 20. Ndio maana kwa bodaboda, kwa matatu na kwa meko ya nyumbani, stima ya moja kwa moja inashinda bila kupumua. Anayekuahidi gari la haidrojeni Nairobi hebu muulize hizo uniti 30 zinaenda wapi.

Lakini kuna kazi betri haiwezi. Mbolea ya nitrojeni inaanza na amonia, na amonia ni nitrojeni ya hewani ikiunganishwa na haidrojeni. Hapo haidrojeni si mafuta ya kuchoma, ni kiungo chenyewe. Mahindi hayali stima.

Hapa ndipo historia inaingia, kwa sababu wengi wanaongea kama jambo hili lilizaliwa juzi. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha amonia kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, kikitumia haidrojeni iliyotokana na makaa. Wanorwe walikuwa na maporomoko ya maji, makaa hawana. Kwa hivyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Norsk Hydro ikawa inapasua maji kwa stima ya mto pale Vemork, karibu na Rjukan, na kutengeneza mbolea. Iliendelea kwa miaka kama 40. Halafu haidrojeni ya gesi na mafuta ikawa rahisi zaidi, na mapema miaka ya 1970 mtambo ukazimwa.

Afrika pia tulifanya. Kiwanda cha Kima, Aswan, Misri, kilianza kutoa mbolea mwaka 1960 kwa stima ya Mto Nile. Baadaye nacho kikahamia gesi asilia.

Ile inayoniuma zaidi ni ya Zimbabwe. Sable Chemicals, karibu na Kwekwe, ilianza kupasua maji miaka ya 1970, wakati stima ya bwawa la Kariba ilikuwa nyingi na bei yake chini. Kwa miongo minne wakulima wa pale walitumia mbolea ambayo haidrojeni yake ilitoka kwa maji. Mitambo ilikuwa inakula zaidi ya megawati 100. Mwaka 2015 ikazimwa. Stima ilikuwa ghali kwa kiwanda na adimu kwa nchi, watu nyumbani wako gizani, na megawati 100 ni nyingi. Sasa kiwanda kinanunua amonia kutoka Afrika Kusini, na huko inatengenezwa kwa makaa ya mawe.

Angalia vizuri kilichoua hivi viwanda vitatu. Teknolojia ilifanya kazi kote. Kilichobadilika ni bei ya stima ikilinganishwa na gesi, na nani mwingine anaitaka stima hiyo.

Turudi nyumbani. Sisi tuna mvuke. Mashimo ya kwanza Olkaria yalichimbwa miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza, megawati 15, ukawashwa mwaka 1981. Leo mvuke wa ardhini unatoa zaidi ya asilimia 40 ya stima yetu, na ukiongeza maji, upepo na jua unafika karibu asilimia 90. Kwa hivyo kusafisha stima, sisi tayari tuko mbele ya nchi nyingi tajiri. Kaboni yetu iko kwa barabara, kwa jiko la makaa, na kwa vitu tunavyoagiza kama mbolea.

Septemba 2023, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika hapa Nairobi, serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani. Na tofauti na vile wengi wanadhani, mkakati huo unaanza na mbolea ya hapa nyumbani kabla ya kuuza Ulaya. Hoja ya wanaoutetea ni kwamba usiku, watu wakilala, mahitaji ya stima yanashuka na mvuke wa Olkaria unaachiliwa hewani bure. Kweli kabisa.

Lakini mwaka 2024 tuliambiwa pia, waziwazi, kwamba sehemu za magharibi zinakatiwa stima jioni, kati ya saa kumi na moja na saa nne usiku, kwa sababu haitoshi. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Stima inabaki saa nane za usiku na inakosekana saa mbili. Mtambo wa haidrojeni ukifanya kazi usiku tu hausumbui mtu, ila ni mashine ya bei kali inayolala mchana kutwa, na amonia yake inakuwa ghali. Ukifanya kazi saa 24, megawati 100 kwa hesabu yangu zinatoa kama tani 85,000 za amonia kwa mwaka, ambayo ni mbolea nyingi. Lakini jioni utakuwa unang'ang'ania waya na mamangu. Na kama robo ya Wakenya bado hawana hata huo waya.

Mvuke zaidi pia unamaanisha ardhi zaidi. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Hilo kwa midahalo husikii.

Halafu kuna Ken-Ren, ambayo watu wa rika langu hawaijui. Mwaka 1975 serikali iliingia ubia na kampuni ya kigeni kujenga kiwanda cha mbolea Mombasa. Haikuwa ya kupasua maji, lakini ahadi ilikuwa hii hii: tutaacha kuagiza, mkulima atapumua. Mikopo ikatoka Ubelgiji na Austria, Kenya ikaweka dhamana. Hakuna mfuko hata mmoja uliotoka. Kesi na wakandarasi ikafika House of Lords, London, mwaka 1994. Mlipa ushuru aliendelea kulipa deni miaka zaidi ya 20 baada ya sahihi kuwekwa, na wengi waliolipa walikuwa hawajazaliwa wakati wa sahihi.

Mimi siipingi haidrojeni. Kwa mbolea naiona ina maana, kwa gari hapana. Ila mgombea akisimama tena kuitaja, muulize kiwanda kitanunua uniti kwa shilingi ngapi, na stima ikipungua jioni nani anazimwa kwanza. Na mkataba ukifika Bungeni, mimi nitaanza kusoma ukurasa wa dhamana.