Filamu za Kutazamwa Mara ya Pili



Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, hapa Njombe na kule Makambako, tumeulizwa swali ambalo tumeona vema kulijibu kwa maandishi: Je, zipo filamu ambazo Mkristo anaweza kuzitazama mara tatu, mara tano, mara kumi, bila kuupoteza muda aliopewa na Mungu? Waliouliza walitazamia, bila shaka, kwamba Padre angejibu kuwa hakuna. Sisi tunasema zipo, tena Kanisa lenyewe limekwisha kuzitaja baadhi kwa majina.

Ilikuwa mwaka 1995. Sinema ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipoonyesha picha zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii likatoa orodha ya filamu 45, zikiwa katika mafungu matatu: dini, tunu za maisha, na sanaa, kila fungu filamu 15. Anayeisoma kwa mara ya kwanza hushangaa. Katika fungu la dini imo filamu ya Pasolini ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo, na Pasolini alikuwa mfuasi wa Karl Marx asiyekiri imani, ingawa kazi hiyo aliitolea kwa kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII. Roma haikumwuliza cheti cha ubatizo. Iliitazama kazi yake, ikaona kwamba Injili imesimuliwa kwa uaminifu.

Wala mwaka 1995 haukuwa mwanzo. Tarehe 29 Juni 1936 Papa Pius XI aliandika barua yake Vigilanti Cura, akionya juu ya sinema zinazoharibu maadili na papo hapo akikiri nguvu ya sinema njema. Basi, katika miezi ileile, hapa Tanganyika palikuwa na jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Kule Vugiri, katika milima ya Usambara, kikundi cha Waingereza wakiongozwa na Notcutt na Latham kilikuwa kinatengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, yaani ndugu zetu Waprotestanti, na fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Kati ya 1935 na 1937 walipiga filamu 35, fupifupi, juu ya safura, akiba ya posta, kilimo na mengineyo. Maneno yalitiwa katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, nayo yakapigwa sambamba na picha. Lori likazunguka na mitambo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Tuwe wakweli: mradi ule ulikuwa na dharau ndani yake. Wakubwa wa sinema ya kikoloni, hasa baada ya kitengo chao maalumu kuundwa mwaka 1939, waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda mbio, hivyo apewe hadithi nyepesi na ya polepole. Lakini mtazamaji hakuwa mjinga kama walivyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilipiga filamu za Kiswahili hapa nchini, na mojawapo, Muhogo Mchungu, ilimhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na walaghai wa mjini. Aliyeigiza ni kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika! Nasi hujiuliza kama walioandika kwamba Mwafrika haielewi sinema walipata nafasi ya kuyasoma tena maandishi yao.

Huku kwetu sinema ilifika kwa barabara. Makambako ni njia panda: reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapo, na barabara ya kwenda Njombe na Songea inachepuka hapohapo kutoka barabara kuu ya Zambia. Penye njia panda hulala madereva, na penye wageni wanaolala pana biashara ya burudani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994, kwa hiyo kwa miaka mingi picha ilikuwa ni gari la sinema la serikali, au banda la video: deki moja, jenereta, viti vya mbao, na kanda chache zilizochakaa. Filamu za Kihindi, za karate, za vita. Baadaye zikaja zile zenye sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyetafsiri na kuongeza ya kwake, na pengine nyongeza ilikuwa tamu kuliko filamu.

Hapo tuna neno. Wakati ule watu walirudia filamu kwa kukosa nyingine. Kanda zilikuwa chache, basi mtoto alijua kila pigo la Bruce Lee kabla halijapigwa. Leo simu ya mkononi inabeba filamu kuliko mabanda yote ya Makambako kwa pamoja, na tunaona vijana wakiruka kutoka moja hadi nyingine bila kumaliza hata moja. Kurudia kumekuwa jambo la kuchagua. Kanisa linaelewa thamani ya kurudia: Injili za Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, na Mateso ya Bwana kadiri ya Yohane husomwa kila Ijumaa Kuu bila kubadilishwa. Anayesikiliza ndiye anayekuwa amebadilika, kwa kuwa mwaka jana alikuwa na mama na mwaka huu hana.

Kwa kipimo hicho, filamu nyingi maarufu haziponi. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, inayofuata Injili ya Luka na iliyotafsiriwa katika lugha nyingi kuliko filamu nyingine yoyote duniani, tunaipenda kwa katekesi ya watoto. Ile ya Mel Gibson ya mwaka 2004 tungeshauri itazamwe mara moja katika Kwaresima na ipumzishwe. Damu ikizidi macho huizoea. Filamu zetu za Bongo hutengenezwa haraka mno, ila tusizibeze. Steven Kanumba alipofariki usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili 2012, nchi nzima ililia, kwa sababu watu walikuwa wamejiona na kujisikia wenyewe katika kioo kile.

Mbili tumezirudia mara nyingi. Ya kwanza ni ya Kifaransa, Des hommes et des dieux, ya Xavier Beauvois, iliyotoka mwaka 2010. Inawahusu wamonaki Watrapisti wa Tibhirine nchini Algeria, ambao saba kati yao walitekwa Machi 1996 na kuuawa, nao wakatangazwa wenye heri tarehe 8 Desemba 2018. Karibu filamu nzima ni mabishano yao: tukae na wanakijiji hawa Waislamu, au tuondoke? Mmoja anaogopa waziwazi. Waamini wa Jimbo letu, ambalo misingi yake iliwekwa na Wabenediktini wa Peramiho, wana sababu ya kuitazama. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa Agosti 1905 katika Vita ya Maji Maji, na mwezi uliofuata Wabena waliishambulia misioni ya Kilutheri ya Yakobi, hapa karibu na mji wa Njombe. Wamisionari wale walikaa chini ya bendera ya mkoloni, na hilo linalifanya swali liwe gumu zaidi kwetu kuliko lilivyo katika filamu.

Ya pili ni Neria, kutoka Zimbabwe, iliyoongozwa na Godwin Mawuru mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadithi yake ni ya Tsitsi Dangarembga. Marehemu Oliver Mtukudzi aliimba humo na kuigiza. Mume anafariki ghafla kwa ajali. Shemeji anakuja na maneno ya mila: anachukua gari, kitabu cha benki, vyombo, mwisho hata watoto. Mjane anakwenda mahakamani.

Mkoa wetu umeongoza nchi nzima kwa maambukizi ya Virusi vya Ukimwi: asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011 hadi 2012, na bado asilimia 12.7 katika ule wa 2022 hadi 2023. Makaburi yameacha wajane, na tumeketi katika vikao vya ukoo ambamo msiba haujaanuliwa na tayari mtu anauliza hati ya shamba la miti iko wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo tamko la sheria za mila la 1963 liliwafungia wajane wawili wa Kitanzania mlango wa urithi mahakamani, mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ikawapa haki mwaka 2015.

Tunapoionyesha Neria, akina mama wa WAWATA huzungumza na kioo, humwonya mjane asikabidhi kitabu cha benki. Wanaume walioketi nyuma hunyamaza. Mara ya pili ndipo mmoja wao huuliza, kwa sauti ya chini, wosia huandikwaje na unahitaji mashahidi wangapi.

Nakala yetu ipo ofisi ya parokia. Mwenyekiti wa Jumuiya anayeihitaji amwone katekista, na airudishe kabla ya Dominika, kwa maana Jumuiya nyingine inasubiri.