Kuongeza ukubwa wa matairi ya pikapu

Kuongeza ukubwa wa matairi ya pikapu ni kuondoa matairi ya vipimo vilivyowekwa na kiwanda na kufunga mengine yenye kipenyo kikubwa au upana zaidi. Wenye magari hufanya hivyo hasa ili gari lipite juu ya mawe, visiki na makorongo bila kugusa. Hata hivyo badiliko hilo huathiri pia nguvu ya kuvuta, breki, usukani na mita ya mwendo, wala haliongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba.

Kusoma namba za tairi

Vipimo huandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, baadhi ya pikapu za Toyota Hilux hutoka kiwandani na tairi la 265/65R17 112S:

* 265 ni upana wa tairi kwa milimita
* 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana
* R ni muundo wa radiali
* 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi
* 112 ni alama ya uzito: tairi moja hubeba hadi kg 1,120
* S ni alama ya mwendo: hadi km 180 kwa saa

Hesabu ya kipenyo

Kipenyo cha tairi hupatikana kwa kujumlisha kipenyo cha rimu na mara mbili ya kimo cha ubavu. Inchi 1 ni mm 25.4. Kwa rimu ya inchi 17:

* 265/65R17: mm 776
* 265/70R17: mm 803 (ongezeko la asilimia 3.4)
* 285/70R17: mm 831 (ongezeko la asilimia 7)

Gari huinuka kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo tairi la 285/70R17 huinua gari kwa mm 27, zaidi kidogo ya inchi 1.

Athari

Mita ya mwendo huhesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko, hivyo mita iliyokuwa sahihi ikionyesha km 80 kwa saa, gari lenye 285/70R17 linakwenda karibu km 86. Nchini Tanzania Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha km 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Dereva huyo anaposoma 50 huwa amekwisha kukipita. Kilomita zinazohesabiwa kwa ajili ya kubadili oili nazo huwa pungufu.

Nguvu ya injini hufika barabarani kupitia nusukipenyo cha gurudumu. Kikiongezeka kwa asilimia 7, nguvu ya kusukuma gari hupungua kwa karibu kiasi hicho, na dereva hulazimika kushusha gia mapema mlimani. Breki nazo huhitaji kukanyagwa kwa nguvu zaidi. Gari lililoinuka na kubeba mzigo mrefu huwa rahisi zaidi kupinduka kwenye kona.

Uzito wa mzigo huwekewa mipaka na ekseli, springi, fremu na breki. Pikapu yenye matairi makubwa inaonekana imara, lakini ikiongezewa magunia huzidishiwa uzito.

Mkoa wa Singida

Mkoani Singida barabara za vijijini hupita kwenye kichanga, mawe ya matale, na mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi kama zile za Wembere. Kwenye kichanga, tairi pana husaidia kutozama. Kwenye tope la mbuga, udongo hunata na kujaza nafasi kati ya kashata, na tairi huteleza hata likiwa kubwa; hapo nafasi pana kati ya kashata ina manufaa kuliko kipenyo. Barabara kuu ya Singida–Nzega hushuka mteremko wa Sekenke wilayani Iramba. Hapo breki iliyoelemewa ni hatari kubwa kuliko jiwe la njiani, na ni lazima kushuka kwa gia ndogo.

Mambo ya kuangalia kabla ya kubadili

* Vipimo na upepo vilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kitabu cha gari.
* Alama ya uzito isiwe chini ya ile ya kiwanda.
* Upana wa rimu ulingane na tairi.
* Tairi lisiguse madigadi wala fremu usukani ukikatwa hadi mwisho, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.
* Kwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne, matairi yote yawe na kipenyo kimoja. Yakitofautiana, difu na giaboksi huumia. Tairi la akiba nalo liwe la kipimo hicho.

Kwa matumizi mengi ya vijijini, tairi la kipimo cha kiwanda lenye kashata nzito hutosha na halileti athari hizo.