Mbaraka, Morogoro Jazz na magitaa mawili ya Lumemo

Wadau, huwa nacheka nikisikia vijana wenzangu wa Dar wakizungumzia muziki wa gitaa wa nchi hii kana kwamba ulizaliwa Kariakoo. Jamani, Morogoro ilikuwa kiboko!

Mji ule wa reli na mkonge ulikuwa na bendi mbili zisizopikika chungu kimoja: Morogoro Jazz, iliyoanza 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akashika usukani. Ni miaka hiyohiyo ya katikati ya sitini ambapo Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alijiunga na Morogoro Jazz, kijana wa miaka ishirini na ushee. Mwaka 1970 bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 Mbaraka akajitoa na kuunda Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34 tu.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Nota za magitaa yale hazipo. Kizazi kile kilijifunza kwa santuri za Kikuba, zile za GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya thelathini: unasikiliza, unarudisha sindano, unajaribu tena mpaka jirani anakuchukia. Na wao wenyewe walirekodiwa kwa bahati. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi kwa ajili ya matangazo, lakini kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho. Ukitaka santuri, njia ilikuwa Nairobi.

Kwa hiyo mtu anayetaka kumjua Mbaraka leo lazima amfukue kwa sikio. Ndivyo wanavyofanya rafiki zangu wanne pale Lumemo, Ifakara. Mmoja mwalimu, mmoja fundi pikipiki, wawili wanalima mpunga. Magitaa ni mawili, moja limefungwa waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi mnene (usiniulize linavyolia). Wameung'ang'ania wimbo wa "Shida" tangu mavuno yaliyopita. Gitaa la solo wamelipata vizuri tu. Shida, samahani kwa mzaha, ni gitaa la pili: kwenye spika ya simu linazama chini ya sauti nyingine. Fundi anasema tubuni la kwetu, nani atajua? Mwalimu hataki kabisa, na mimi niko upande wake. Ukishabuni, mtoto atakayejifunza kwako atarithi ubunifu wako akidhani ni wa Mbaraka.

Mwamuzi wao ni babu mmoja ng'ambo ya mto, aliyecheza dansi hilo enzi zake. Gitaa hajawahi kushika. Lakini wakishamwamkia na kuanza kupiga, anafumba macho, mguu unagonga chini, mara anausimamisha. "Hapana wajukuu zangu, hapo mmekimbia." Wanarudia. Siku hizi wanalazimika kupiga karibu kabisa na sikio lake la kushoto, la kulia limeshagoma.

Amewaambia anataka kusikia gitaa la pili kabla ya masika, maana Lumemo ikifurika magitaa hayavuki.