Msaada Uliokuja Ndani ya Mashine

Februari 2006, kliniki za mpango wa afya wa AMPATH, zenye makao Eldoret, zilianza kuweka rekodi za wagonjwa wao katika mfumo mpya uitwao OpenMRS. Mfumo huo leo unatumika katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, lakini chimbuko lake ni hapa. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Nandi, kilikuwa kimeanza kuhifadhi rekodi kwa programu iliyojengwa juu ya Microsoft Access. Kisha wagonjwa wa Ukimwi wakaongezeka kwa kasi ambayo programu ile haikuweza kuihimili. Madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walipozuru Eldoret mwaka 2004 waliona kwamba kutia viraka hakutasaidia, ikabidi ijengwe programu nyingine kuanzia msingi.

Habari hiyo imesimuliwa sana, na inastahili. Ambayo haisimuliwi ni habari ya vitabu vilivyofika pamoja na programu za aina hiyo, vikiwa vimelala ndani ya diski, vikimngoja mtu wa kuvifungua.

OpenMRS huhifadhi data yake katika MySQL. Miaka hiyo, aliyeweka MySQL kwenye mashine ya Linux mara nyingi alipata pia mwongozo wake mzima katika faili iliyoitwa mysql.info. Fundi aliyeketi mbele ya seva isiyo na kipanya wala picha, skrini nyeusi na maandishi meupe, aliweza kuandika info mysql, akabonyeza Enter, na kitabu cha mamia ya kurasa kikafunguka papo hapo. Hakuhitaji intaneti, wala hakulipia dakika. Kama jedwali la data limeharibika usiku, sura ya kulitengeneza ilikuwa mle mle ndani ya mashine iliyoharibikiwa.

Programu hiyo ya Info ni kongwe kuliko watu wengi wanavyodhani. Juu kabisa ya kila ukurasa pana mstari mmoja unaotaja jina la faili, jina la ukurasa uliopo, ukurasa unaofuata, uliotangulia, na ule wa ngazi ya juu. Chini yake mara nyingi kuna orodha ya sura, kila moja ikianza na nyota. Ukibonyeza n unakwenda mbele, p unarudi nyuma, u unapanda ngazi, l inakurudisha ulikotoka, na i inakupeleka kwenye faharasa ili utafute neno. Weka kishale juu ya kiungo, bonyeza Enter, nawe umeshafika. Huo ndio mtindo wa maandishi yenye viungo, haipateksti, unaofanya kazi kwa herufi tupu.

Wazo lenyewe lilianza zamani. Vannevar Bush alilichora kwa maneno mwaka 1945, Ted Nelson akalipa jina hadharani mwaka 1965, naye Douglas Engelbart akalionyesha likitenda kazi jijini San Francisco mwaka 1968. Info ilizaliwa katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ikiwa sehemu ya kihariri kiitwacho Emacs cha Richard Stallman. Stallman alipotangaza mradi wa GNU Septemba 1983, aliazimia programu zote ziwe huru, na miongozo yake iwe huru pia. Hapo ikaja Texinfo, namna ya kuandika mwongozo mara moja kisha ukautoa kwa sura mbili: kitabu cha kuchapwa na faili ya kusomwa kwenye skrini. Robert Chassell aliandika sehemu kubwa ya maelezo yake, na Brian Fox akatengeneza kisomaji kinachojitegemea ili mtu asilazimike kufungua Emacs kwanza. Haya yote yalikuwa yakitumika kabla Wavuti wa Tim Berners-Lee haujafika kwa umma mwaka 1991.

Lakini nikisema Eldoret ilianza na Info nitakuwa ninaipotosha historia. Mji huu, kama miji mingine ya Kenya, uliingia kwenye kompyuta kwa mlango wa DOS.

Katika miaka ya 1990 vyuo vidogo vya kompyuta vilizagaa kwenye miji yetu, vikikaa orofani juu ya maduka, vikifundisha kile kilichoitwa pakeji: DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBASE. Mwalimu aliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili daftarini. Kitabu cha kiwandani, chenye jalada gumu, kilikuwa mali ya mkuu wa chuo, kama kilikuwapo. Ndiyo maana MS-DOS 6 ilipotoka mwaka 1993 ikiwa na amri ya HELP iliyopanuliwa, ilikuwa neema ambayo wengi walipita kando yake bila kujua. Ukiandika HELP peke yake, skrini ilijaa orodha ya amri zote. Ukiandika HELP COPY, ulipewa maelezo ya amri hiyo, na juu yake viungo vya kuhamia kati ya jinsi ya kuiandika, maelezo ya ziada, na mifano. Kitufe cha Tab kilikuhamisha kutoka kiungo hadi kiungo. Mwanafunzi ambaye hakuelewa somo la asubuhi aliweza kubaki na mashine mchana na kusoma mwenyewe, polepole, bila kuonekana mjinga mbele ya wenzake.

Palikuwa na siri moja ndani yake. HELP haikuwa na kisomaji chake yenyewe, bali iliiita QBASIC ifanye kazi ya kuonyesha kurasa. Diski za wakati huo zilikuwa ndogo, nyingine za megabaiti 40 tu. Aliyefuta QBASIC.EXE kwa kudhani ni programu ya wachezaji wa michezo ya nyoka na masokwe aliua pia mwongozo wake, na kihariri cha EDIT kikafa nao. Nadhani hasara hii iliwapata wengi kuliko ajuaye yeyote, kwa sababu mtu hulilia kitu alichokijua, na wengi hawakuijua HELP hata siku moja.

Waliosoma kuandika programu walikuwa na bahati zaidi. Turbo Pascal ya kampuni ya Borland iliweka mwongozo wake chini ya kidole: simamisha kishale juu ya neno lolote, bonyeza Ctrl pamoja na F1, na maelezo ya neno hilo yanatokea na mfano wake. Tangu toleo la 6 la mwaka 1990 uliweza hata kuunakili mfano huo ukautia katika kazi yako. Kwangu mimi hakuna mwongozo uliowahi kumheshimu mwanafunzi kuliko huo. Haukumwambia aende akatafute. Ulimjibu pale alipokwama.

Kusini mwa mji, Kesses, Chuo Kikuu cha Moi kilichofunguliwa mwaka 1984 kilianzisha mwaka 1988 kitivo cha sayansi ya habari, cha kufunza wakutubi na watunza nyaraka. Enzi zile UNESCO ilikuwa ikigawa bure CDS/ISIS, programu ya maktaba iliyotumika kwa herufi tupu na kuenea katika maktaba za nchi zinazoendelea. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha jambo moja: skrini ya maandishi haikuwa umaskini wa Afrika. Ilikuwa namna ya kawaida ya kufanya kazi nzito kwa mashine nyepesi, iwe Paris au Uasin Gishu.

Nje ya Kenya, hadithi iliingia sura nyingine mwaka 1992. Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac wa Chuo Kikuu cha Kansas walitengeneza Lynx, kisomaji cha maandishi yenye viungo kwa ajili ya taarifa za chuo chao. Mwaka uliofuata Lynx ilijifunza kusoma Wavuti, na tawi lake la DOS, DosLynx, likafuata. Vishale vinne vya kibodi vinatosha kuiendesha: juu na chini kuchagua kiungo, kulia kuingia, kushoto kurudi. Inaendelea kutunzwa hadi leo, na hakuna kivinjari kingine cha umri wake kilicho hai. Wasomaji wasioona, wanaotumia mashine ya sauti au ya nukta nundu, wameitegemea kwa miaka mingi kwa kuwa haiwapi ila maneno.

Kenya ilipata intaneti kamili mwaka 1995, na shirika la posta na simu likafungua uti wa mgongo wake, Jambonet, mwaka 1998. Fikiria sasa modemu ya kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kwenye waya wa simu wa mji ulio mbali na Nairobi. Inavuta takriban kilobaiti moja kwa sekunde. Ukurasa wa maandishi wa kilobaiti 20 utafika kwa sekunde 20 hivi. Picha moja ya kilobaiti 200 itakula zaidi ya dakika tatu, nawe unalipia kila dakika. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown na kuhudumia wahudumu wa afya wa Afrika kupitia mtandao wa HealthNet, lilikwenda mbali zaidi: programu yake ya GetWeb ilikuwezesha kuomba ukurasa wa Wavuti kwa barua pepe na kuupokea ukiwa maandishi matupu. Watu walisoma utafiti wa tiba kwa njia hiyo, na ulikuwa utafiti kamili.

Katika miaka hiyo ya 1990 Microsoft ilikuwa ikiuhamisha msaada kwenye madirisha. Mwaka 1990 ilikuja na WinHelp pamoja na Windows 3.0, mwaka 1997 ikaleta faili za CHM, ambazo ni kurasa za HTML zilizobanwa pamoja. Zilisambaa kwa sidii na baadaye kwa flashi, mojawapo ikiwa mwongozo wa lugha ya PHP. Aliye na Linux isiyo na madirisha hakukatazwa kuzisoma. Programu ya 7-Zip huifungua faili ya CHM kama inavyofungua faili nyingine yoyote iliyobanwa, kurasa zikatoka, na lynx index.html ikazionyesha, ikiwa ukurasa wa mwanzo una jina hilo. Nimeona watu wakishangaa kwamba jambo hili linawezekana, na bado linawezekana leo.

Kuanzia 2005 hadi 2011 kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu ilituma sidii za Linux bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, hadi kwenye sanduku lake la posta. Kwa mtu wa 30100 Eldoret asiye na njia ya kupakua mamia ya megabaiti, bahasha ile ilileta mfumo mzima pamoja na kurasa za maelezo ya amri zake.

Kisha nyaya za baharini zikatua Mombasa. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, na Eldoret, iliyoko kwenye njia kuu ya kwenda Malaba na Uganda, ikapata kasi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ndoto. Ilikuwa faida kubwa na sitaki kuipunguza. Ila tangu hapo msaada ulianza kuhama kutoka kwenye mashine kwenda kwenye Wavuti, na watengenezaji wakaanza kuutoa kwenye programu ili kuokoa nafasi. Ubuntu ya sasa iliyopunguzwa kwa ajili ya seva huja bila kurasa za maelezo. Ukizitaka kuna amri maalumu, unminimize, ya kuzirudisha, nayo inahitaji intaneti. Miongozo mingi mipya haina nakala ya nje ya mtandao hata kidogo.

Naliona hili kuwa kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ya Kenya ikadhoofika kwa siku kadhaa. Mwaka 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima zaidi ya mara moja. Seva ya hospitali inaporudi baada ya giza la namna hiyo, fundi anauhitaji mwongozo saa ile ile ambayo mtandao haupo.

Na kuna pengo jingine ambalo DOS, Info na Lynx zote zilituachia. Kwa miaka yote hiyo msaada uliosomwa Eldoret ulikuwa wa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, iliyokuwa na menyu na ujumbe kwa Kiswahili, ukathibitisha kwamba istilahi zetu zinatosha. Mwongozo wa kiufundi wa Kiswahili, unaokaa ndani ya mashine na kusomeka bila mtandao, bado ni adimu.

Zana za kuuandika zipo na hazina bei. Texinfo inapatikana katika matoleo yote makuu ya Linux, na faili ile ile ya chanzo hutoa kurasa za Info, kurasa za HTML za kusomwa kwa Lynx au kwa simu, na kitabu cha kuchapwa. Shule ya sayansi ya habari ya Moi ina wanafunzi wanaosomea kupanga maarifa, Eldoret National Polytechnic ina mafundi wa kompyuta, na kliniki zina watu wanaoijua kila hitilafu ya mifumo yao. Wakae pamoja waandike mwongozo mmoja wa kuanzia, wa jinsi ya kurudisha seva ya kliniki baada ya umeme kukatika, wauweke ndani ya kila seva, na kazi hiyo inaweza kuanza muhula huu.